Ushahidi wa jinai: mwongozo wa kuutambua, kuutunza na kuufikisha mahakamani

Kesi nyingi za jinai huanza kufa kabla mpelelezi hajatia mguu eneo la tukio. Mwenye nyumba ameshafagia vioo vya dirisha lililovunjwa. Majirani wamekuja kutoa pole na kukanyaga nyayo za mwizi. Kijana mmoja ameokota panga ili aliangalie vizuri, na nguo za aliyejeruhiwa zimeshalowekwa kwenye beseni la sabuni. Wote wana nia njema. Miezi inapita, mshtakiwa anaachiwa huru, na mtaani inasemwa hakimu amehongwa, kumbe ushahidi ulimwagwa uani siku ileile pamoja na maji ya kufulia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefika kabla ya polisi: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kijiji, mlinzi wa usiku, mwalimu, muuguzi wa zahanati, mzazi. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama na sheria zake, na Kenya vilevile, ambako fomu ya majeruhi inaitwa P3 badala ya PF3 yetu. Lakini damu inaoza kwa namna moja Unguja, Kisumu na Songea, kwa hiyo sehemu kubwa ya haya itakufaa popote ulipo.

Kwanza, ujue unacholinda

Watu wakisikia neno ushahidi hufikiria mtu aliyeona kwa macho. Huyo ni shahidi, na anachokisema ni ushahidi wa mdomo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka aseme kile alichokiona au kukisikia yeye mwenyewe. "Niliambiwa na jirani" kwa kawaida haipokelewi kuthibitisha kwamba jambo lilitokea. Aje huyo jirani aseme mwenyewe. Kuna ushahidi wa nyaraka: mkataba, risiti, PF3, taarifa ya daktari. Kuna vitu vyenyewe, ambavyo mahakamani huitwa vielelezo: panga, kufuli lililokatwa, nguo yenye damu, ganda la risasi. Kuna maoni ya wataalamu, yaani daktari, mkemia, mtaalamu wa maandishi au wa silaha. Na siku hizi kuna rundo la ushahidi wa kielektroniki, kuanzia ujumbe wa simu hadi picha za kamera za ulinzi.

Juu ya haya kuna ushahidi wa kimazingira. Hakuna aliyemwona mshtakiwa akiua, ila alionekana akiondoka na marehemu jioni, simu ya marehemu imekutwa kwake, na damu kwenye shati lake si yake. Mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa namna hii peke yake, mradi mambo yote yaungane, yamwelekee mshtakiwa, na yasibakize maelezo mengine ya maana. Wapo wanaoudharau wakidai ni wa kubahatisha. Mimi siudharau hata kidogo, kwa sababu shahidi wa macho anaweza kudanganya au kukosea kwa moyo mweupe, wakati damu iliyokusanywa vizuri haina ugomvi na mtu. Tatizo ni hilo neno "vizuri", na ndilo linalotuhusu hapa.

Tena, sheria haitaki idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja anayeaminika anatosha. Kinachotakiwa ni kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi, na mzigo huo upo kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: okoa mtu, kisha funga eneo

Uhai unatangulia. Kama kuna majeruhi, msaidie na mpelekeni hospitali hata kama mtavuruga damu na nyayo. Ukimsogeza mtu au kitu, kumbuka kilikuwa wapi na uelekeo gani, umweleze mpelelezi. Piga 112.

Baada ya hapo toa watu. Funga kamba au kanga kutoka mti hadi mti na uache nafasi kubwa, maana mhalifu hakutokea hewani: aliingia na kutoka, na njia aliyopita ni sehemu ya eneo la tukio. Chagua njia moja tu ya kupita wale wanaolazimika kuingia. Mtu mmoja akae mlangoni na daftari, aandike nani ameingia, saa ngapi na kwa sababu gani, mwenyekiti wa mtaa akiwemo. Usivute sigara, usitumie choo cha humo, usiwashe wala kuzima kitu, usifungue madirisha ili "hewa iingie".

Sababu ya ukali huu aliieleza Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910: watu au vitu vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Mwizi anaacha jasho kwenye fremu ya dirisha na kuondoka na chembe za rangi ya hilo dirisha kwenye mikono ya shati. Wewe nawe ukiingia unaacha vyako na kubeba vyake.

Mtuhumiwa akikamatwa na raia, mkabidhini polisi akiwa mzima. Wananchi wenye hasira kali wanapomchoma moto mtu, mbali na kwamba wanaua, wanateketeza nguo zake, simu yake, mali aliyokutwa nayo na majina ya wenzake aliokuwa nao. Wenzake hao hurudi.

Hatua ya pili: andika kabla hamjaanza kuhadithiana

Mashahidi wakikaa pamoja kwenye kibaraza wakisimuliana, ndani ya muda mfupi wote wana hadithi moja. Waombe wakae mbalimbali, na kila mmoja akumbuke ya kwake.

Kwa matukio ya usiku, kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980 ambao mawakili hawachoki kuutaja. Mahakama ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine nyingi, na usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Ukimhoji shahidi, au wewe mwenyewe ukiwa shahidi, andika majibu ya mambo haya: ulimwangalia kwa muda gani, alikuwa umbali gani, ilikuwa mchana au usiku, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, na je, ulikuwa unamfahamu kabla. "Kulikuwa na mwanga" haitoshi. "Taa ya umeme ilikuwa juu ya mlango wa duka la jirani, mimi nikiwa dirishani, naye alisimama chini ya taa hiyo akivunja kufuli" inabeba uzito.

Jambo jingine ni kumtaja mapema. Kama ulimtambua, taja jina lake kwa mtu wa kwanza mwenye mamlaka utakayekutana naye. Kama humjui, toa sura, kimo, mavazi, kovu na namna ya kutembea kabla hajakamatwa. Polisi wakiandaa gwaride la utambuzi, yaani kumpanga mtuhumiwa kati ya watu wengine ili umtambue, usikubali kuonyeshwa picha yake wala kupitishwa alipo kabla ya gwaride, maana gwaride hilo halitakuwa na thamani tena.

Hatua ya tatu: picha

Piga kwa ngazi tatu. Kwanza picha ya mbali inayoonyesha chumba au eneo zima, kutoka kila pembe. Kisha ya kati, inayoonyesha kitu kikiwa karibu na kingine kisichohama, kwa mfano panga na mguu wa kitanda. Mwisho ya karibu, kamera ikitazama kitu moja kwa moja kutoka juu, bila kulalia upande. Picha ya karibu ipigwe mara mbili: kitu peke yake, kisha kikiwa na rula pembeni. Rula ndiyo inayomwezesha mtaalamu kupima unyayo au jeraha. Picha ya unyayo usio na kipimo ni picha ya udongo tu.

Usipange vitu ili vipendeze. Na usirushe picha hizo kwenye makundi ya WhatsApp. Unamdhalilisha marehemu, na unawafundisha watakaohojiwa kesho waseme nini.

Hatua ya nne: damu, mate na manii

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa, na ndipo tunapoharibu zaidi.

Adui wa vinasaba (DNA) ni unyevu, joto na jua. Nguo yenye damu mbichi ikifungwa kwenye mfuko wa plastiki inatoa jasho ndani, bakteria na ukungu vinashamiri, na baada ya siku chache kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga kinachobaki ni harufu. Kazi hii ni ya polisi, lakini kama polisi wapo mbali na wewe ndiye muuguzi au mtendaji uliyelazimika kuipokea nguo hiyo, fanya hivi. Vaa glavu mpya. Tandaza karatasi safi chini, weka nguo juu yake ikauke yenyewe kivulini, bila feni ya kuipuliza wala jua la kuianika. Usiikunje doa kwa doa. Weka karatasi katikati. Ikishakauka itie kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, nguo moja mfuko mmoja. Shati la majeruhi na la mtuhumiwa yasikae meza moja, hata yasishikwe kwa glavu zilezile. Wakili wa utetezi akiuliza damu ya marehemu ilifikaje kwenye shati la mteja wake, na ikabainika nguo hizo zilisafiri ndani ya salfeti moja, swali lake halina jibu.

Kipimo cha vinasaba kinachukuliwa na watu kama jibu la mwisho. Kina nguvu kweli. Alec Jeffreys aligundua mbinu hiyo mjini Leicester, Uingereza, mwaka 1984, na ilipotumika kwa mara ya kwanza katika upelelezi wa mauaji ya wasichana wawili jirani na mji huo, ilianza kwa kumsafisha kijana aliyekuwa amekiri. Polisi walikuwa na ungamo lake mkononi, na halikuwa kweli. Baadaye maelfu ya wanaume walitoa damu, lakini muuaji alimtuma mwenzake akatoe kwa jina lake; alikamatwa baada ya mwenzake huyo kuropoka baa, akahukumiwa mwaka 1988. Kwa hiyo maabara inasema sampuli hii inafanana na ile. Kwamba sampuli ilitoka kwa nani hasa, hilo husemwa na mtu aliyeichukua.

Ujerumani walipata funzo la aina nyingine. Kwa miaka kadhaa walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikutwa kwenye matukio mengi Ujerumani, Austria na Ufaransa, likiwemo la kuuawa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 iligundulika kuwa vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Mhalifu huyo hakuwahi kuwepo.

Kwetu vipimo hivi hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Sheria hiyo imeweka utaratibu wa nani anaweza kuomba kipimo. Katika jinai, polisi ndio wanaopeleka sampuli. Usichukue nywele za mtu kwa siri ukazipeleka mwenyewe. Na ujue mipaka: mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile kwa vipimo vya kawaida, na unywele usio na mzizi hutoa vinasaba vya upande wa mama peke yake, ambavyo ndugu wote wa tumbo moja wanavyo.

*Kama ni ubakaji au ulawiti*, saa ni chache na maumivu ni mengi, kwa hiyo nasema waziwazi. Aliyetendewa asioge, asijisafishe sehemu za siri, asifue nguo, na akiweza asibadilishe. Akibadilisha, nguo za ndani na za nje zibebwe kwenye mfuko wa karatasi. Kama tayari ameoga, aende vilevile. Majeraha hayaogeki, na daktari bado anaweza kupata kitu. Afike hospitali haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya muda huo, na pia kwa sababu kila saa inayopita manii yanapungua mwilini. Kama kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono karibu, nenda huko: daktari, polisi na ustawi wa jamii wapo chini ya paa moja. Vinginevyo pitia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ukachukue PF3. Kwa mtoto, namba ya simu ya msaada ni 116, haina malipo.

Mwambieni daktari yote, aandike alichokiona badala ya "amebakwa" tu: michubuko iko wapi, mikubwa kiasi gani, mipya au mikavu. Na ukosefu wa manii haufuti kosa. Sheria inataka uthibitisho wa kuingiliwa, hata kidogo. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kuwa ushahidi bora katika makosa haya unatoka kwa aliyetendewa mwenyewe, na mahakama ikiridhika kuwa anasema kweli, unatosha. Mtoto mdogo anaruhusiwa kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli na kutosema uongo. Wazee wanaokaa kikao "kuyamaliza nyumbani" kwa fidia ya mbuzi au shamba wanamwibia mtoto haki ambayo si yao kuiuza, na siku wanazozitumia kwenye kikao ndizo siku ushahidi unazopotea.

Vidole, nyayo na risasi, kwa ufupi

Alama za vidole zipo za aina tatu: zinazoonekana, kama za damu au grisi, zilizobonyea kwenye kitu laini, kama rangi mbichi au sabuni, na zilizofichika, za jasho, ambazo mtaalamu huziibua kwa unga au kemikali. Usishike sehemu laini ya kitu: kioo, chupa, mpini uliopakwa vanishi. Kitu kikilazimika kuhamishwa, kishikwe kwa glavu kwenye kingo ambazo watu hawashiki kwa kawaida. Glavu haziondoi tatizo lote, maana ukisugua unafuta za mwizi. Karatasi nazo hushika alama, hata barua ya vitisho. Iingize kwenye bahasha bila kuipitisha mkono kwa mkono.

Mapacha wa kufanana hawana alama za vidole zinazofanana, na mifereji hiyo inakaa toka tumboni hadi kuoza. Udhaifu upo kwa anayelinganisha. Mwaka 2004 FBI walimkamata wakili wa Oregon, Marekani, wakidai alama yake ndiyo iliyokutwa kwenye mfuko unaohusiana na mabomu ya treni za Madrid. Polisi wa Hispania waliipata kuwa ya mtu mwingine.

Unyayo ufunike kwa beseni au ndoo iliyogeuzwa, hasa mvua ikinukia. Bunduki isiguswe. Usiitoe risasi, usichomeke kalamu kwenye mtutu. Baruti iliyobaki mikononi huondoka ndani ya saa chache, na kunawa kunaiondoa mara moja, kwa hiyo mikono ya marehemu hufunikwa kwa mifuko ya karatasi.

Kifo chenye utata

Maiti isioshwe, isibadilishwe nguo, isihamishwe mpaka polisi na daktari wafike. Najua uzito wa agizo hili, hasa kwa familia za Kiislamu ambako mazishi hayacheleweshwi. Njia ya kuheshimu yote mawili ni kutoa taarifa dakika ileile na kuwaeleza polisi kuwa mnaomba uchunguzi ufanyike siku hiyo. Kuzika kwanza na kushuku baadaye kunaleta amri ya mahakama ya kufukua kaburi, jambo linaloumiza zaidi.

Ukimkuta mtu amening'inia na kuna dalili yoyote ya uhai, mnyanyue na umkate haraka. Kamba ikatwe mbali na fundo, upande ulio wazi, na fundo liachwe kama lilivyo. Kamba iliyobaki juu nayo isifunguliwe. Aina ya fundo, uelekeo wa nyuzi mahali kamba ilipolalia boriti, na urefu wake ukilinganishwa na kimo cha marehemu ndivyo vinavyosaidia kutofautisha aliyejinyonga na aliyenyongwa kisha akapandishwa.

Kwa sumu, tunza kilichobaki kwenye glasi, sufuria, kifurushi na matapishi, kila kimoja peke yake kwenye chombo safi chenye kifuniko. Kwa wahudumu wa mochwari: sampuli za kupimwa sumu zisitiwe formalini. Hiyo ni ya kuhifadhi nyama ya kuangaliwa kwa hadubini, na inaharibu kipimo cha kemikali.

Simu na kamera

Simu iliyokutwa imezimwa isiwashwe. Iliyowaka iwekwe hali ya ndege, isipekuliwe. Ukiwa wewe ndiye uliyetishiwa au kutapeliwa, usifute chochote, hata matusi uliyojibu. Picha ya skrini inayoonyesha jina "Baba Juma" haithibitishi kitu, kwa kuwa jina uliliandika wewe. Fungua taarifa za mawasiliano, namba yenyewe ionekane, tarehe na saa zionekane, na simu yenyewe ihifadhiwe, kwa sababu ndiyo asili. Ujumbe wa muamala una namba ya kumbukumbu, iandike pembeni.

Video usiitume kwa WhatsApp ukafuta ya kwenye kamera. WhatsApp huibana na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Mpe mpelelezi kifaa chenyewe au nakala iliyochukuliwa mbele yake.

Kamera za ulinzi za duka au kituo cha mafuta hujirekodia juu ya rekodi za zamani baada ya siku kadhaa. Siku ya kwanza kabisa mwombe mwenye duka asizime na asifute, na muda huohuo linganisha saa ya kamera na saa halisi. Kamera nyingi zina saa iliyopotoka, na tofauti ya dakika arobaini inaweza kumtoa mwizi eneo la tukio.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi huu, na inamtaka hakimu aangalie ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, haukuchezewa, na mwenye kuutoa alitambuliwaje. Kwa hiyo atakayekuja mahakamani ni yule aliyetoa rekodi kwenye mashine, aeleze hatua kwa hatua.

Mali iliyoibwa: anza leo, kabla hujaibiwa

Bonyeza *#06# uandike IMEI, yaani namba ya utambulisho, ya simu yako. Andika namba ya fremu ya baiskeli, ya chasisi ya pikipiki, namba iliyo nyuma ya televisheni. Tunza risiti. Chora alama yako ya siri chini ya jenereta. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita, sheria inaruhusu achukuliwe kuwa ndiye mwizi asipotoa maelezo ya kuridhisha, lakini lazima ithibitike kwamba alikutwa nayo, kwamba ni yako pasipo shaka, kwamba iliibwa karibuni, na kwamba ndiyo iliyomo kwenye hati ya mashtaka. Televisheni nyeusi inchi 32 zipo nyingi mjini. Eleza alama zake maalumu kwa polisi kabla hujaonyeshwa, na hakikisha zimeandikwa kwenye maelezo yako unapopewa RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni.

Hatua ngumu kuliko zote: mnyororo wa kielelezo

Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilifafanua kwamba panapaswa kuwepo kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano wa tarehe, zinazoonyesha kielelezo kilikamatwa, kikatunzwa, kikahamishwa, kikachunguzwa hadi kikaletwa mahakamani. Tangu hapo kesi zimeshinda na kuanguka kwa hoja hiyo.

Chukua mfano wa kisu. Mgambo amekiona kwenye mtaro saa moja asubuhi. Akikiacha palepale na kumwita mpelelezi, mnyororo unaanzia kwa mpelelezi, mbele ya mashahidi. Akikiokota na kukipeleka ofisi ya kata, kikakaa kwenye droo isiyo na kufuli hadi jioni, tayari tuna saa kumi ambazo hakuna wa kuzieleza. Kielelezo kinapokamatwa ijazwe hati ya ukamataji mali, isainiwe na aliyekamata, aliyekutwa nacho na shahidi huru asiye polisi. Kama wewe ndiye shahidi huyo, usisaini kabla hujaona kitu kwa macho yako, na soma orodha yote. Kisha kipewe lebo: ni nini, kimetoka wapi, tarehe, saa, nani amekichukua. Kifungwe na kipigwe lakiri ambayo ikifunguliwa inaonekana. Kituoni kiingizwe kwenye rejista ya vielelezo, PF 16, na kila kinapotoka na kurudi, hata kwenda kwa Mkemia, atakayekabidhi na atakayepokea wasaini.

Mahakama imekuja kulegeza kidogo kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kirahisi. Gari lenye namba ya chasisi au ng'ombe mwenye chapa hawezi kufananishwa na kete za unga mweupe. Kwa unga, damu na fedha taslimu, usitegemee huruma hiyo.

Maneno ya mtuhumiwa

Maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, yanatakiwa kuchukuliwa ndani ya saa nne tangu awe chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kisheria, na lazima ayatoe kwa hiari. Ungamo lililotolewa kwa kipigo, vitisho au ahadi ya kuachiwa ni batili, nalo humchafua hata mpelelezi aliyefanya kazi nzuri kwingine. Mtuhumiwa akisema kwa hiari "nimelifukia panga kwenye shamba la mihogo" na akawaongoza mpaka likapatikana, mbele ya mashahidi, huo ni ushahidi mzito. Yeye ndiye aonyeshe mahali, polisi wasimwonyeshe.

Siku ya mahakama

Omba kusoma maelezo uliyoandika polisi kabla hujaingia. Sema ulichokijua, na usichokijua sema hukijui. Ukipewa kielelezo, usikimbilie kusema ndicho. Angalia lebo, sahihi yako na alama, kisha eleza umekitambuaje. Nyaraka hupokelewa kwanza kisha husomwa kwa sauti. Ikipokelewa bila kusomwa, mshtakiwa akiwa hajui kilichomo, mahakama ya juu huiondoa kwenye kumbukumbu. Ni haki yako kumkumbusha mwendesha mashtaka kwa heshima kabla ya kesi kuitwa.

Vitu vinavyooza, kama nyama ya wanyamapori au samaki, huteketezwa kwa amri ya hakimu baada ya kuorodheshwa, mshtakiwa akiwepo na akipewa nafasi ya kusema. Bila hilo, orodha hiyo haina nguvu. Na mali yako iliyokaa kituoni kama kielelezo hairudi yenyewe. Hukumu ikitoka, mwombe hakimu atoe amri ya kurejeshewa, chukua nakala yenye muhuri, subiri kama kuna rufaa, kisha nenda kituoni na kitambulisho chako, usaini kwenye rejista ileile iliyoipokea.